Mama ana kisukari na anatolewa kifuko cha nyongo kwa matundu: akatae sindano ya kuzuia kutapika?

SWALI: Shkamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58, kisukari ana mwaka wa tisa sasa, anatumia metformini na glibenklamaidi. Kapangiwa kutolewa kifuko cha nyongo chenye mawe kwa ule upasuaji wa matundu madogo, saa 3 asubuhi, na kaambiwa tu asile kitu kuanzia jioni. Nimesoma watu wa usingizi huwa wanachoma deksamethasoni ili mtu asitapike, na kwamba dawa hiyo inapandisha sukari. Je akatae? Halafu jirani yetu alifanyiwa hiyohiyo akarudi analalamika bega, sasa bega na nyongo wapi na wapi? Na mama mwenyewe anauliza lini atapanda tena baiskeli yake kwenda Mgandini. (Msomaji, Ngamiani, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu, mama mpe pole. Nianze na sindano maana ndo inayokunyima usingizi.

Ni kweli inapandisha sukari, hujadanganywa. Deksamethasoni ni ndugu wa homoni ya kotizoli ambayo mwili wenyewe unaitoa mtu akiwa kwenye shida, na kupasuliwa ni shida hata kama matundu ni manne tu ya kuingiza kidole. Mwili ukishtuka unamwaga kotizoli na adrenalini, ini nalo linaachia sukari, insulini inakuwa kama imetiwa ganzi, kwahiyo sukari ya mama itapanda kidogo hata asipochomwa tone la hiyo dawa. Heri yake moja ni kwamba matundu yanaushtua mwili kidogo kuliko kupasuliwa tumbo zima kama zamani.

Sasa weka upande wa pili wa mzani. Mwaka 1999 daktari wa usingizi Christian Apfel na wenzake walionyesha mambo manne yanayotabiri nani atatapika baada ya nusu kaputi: kuwa mwanamke, kutovuta sigara, kuwahi kutapika baada ya usingizi au kuwa mtu wa kutapika safarini, na kupewa dawa kali za maumivu jamii ya mofini baada ya upasuaji. Mama yako mawili ya mwanzo anayo tayari (nakadiria havuti), na mwenye mawili uwezekano wake ni kama watu 4 kati ya 10, akiwa na matatu ni 6 kati ya 10. Muulize hivi: ukipanda basi la Lushoto, zile kona za kutoka Mombo huwa unaomba mfuko? Akicheka ujue jibu umepata, na hilo mwambie daktari wa usingizi kabla hajakuuliza. Mwenye kisukari akitapika jioni nzima hali, hanywi, vidonge havikai tumboni, sukari inayumba huku na huku, na kidonda kinavutwa kila akijikamua.

Na swali lako hili limeshafanyiwa utafiti mkubwa, unaitwa PADDI, ulitoka 2021, wagonjwa zaidi ya 8,700 wa nchi kadhaa, Afrika Kusini ikiwemo. Nusu walichomwa deksamethasoni miligramu 8, nusu maji ya chumvi tu, kwa bahati nasibu, na ndani yao wapo wenye kisukari. Hofu ilikuwa vidonda kuoza kwa sababu ya sukari. Walioambukizwa kwenye kidonda walikuwa asilimia 8.1 kwa waliochomwa na 9.1 kwa wasiochomwa, yani dawa haikuongeza usaha, na kutapika kulipungua. Ila soma na masharti yake: wale ambao sukari yao ilikuwa imevurugika sana hawakuingizwa. Kwahiyo kipimo cha sukari ya miezi mitatu cha mama kikiwa chini ya asilimia 8, mi nisingeogopa. Kikiwa juu sana, na kwa vile huu si upasuaji wa dharura, ningeomba kwanza sukari itengenezwe.

Kwa ufupi asikatae, aseme. Aseme "nina kisukari, naogopa kutapika", mtaalamu ana njia: atapunguza dozi iwe miligramu 4, au ataweka ondansetroni, dawa nyingine ya kuzuia kutapika, au atamlaza kwa propofoli, dawa ya usingizi ya kwenye mshipa, badala ya gesi, maana propofoli ina tabia nzuri ya kutochokoza kutapika. Akichomwa nyie kazi yenu ni kumpima sukari ya kidoleni jioni ile na kesho yake, maana sukari haipandi palepale, inapanda masaa kadhaa baadaye wakati kila mtu kashapumzika.

Lakini kwakweli sindano sio inayonitisha kwenye barua yako. Kinachonitisha ni hilo neno "kuanzia jioni".

Nakumbuka mama mmoja tulimpokea mlangoni thieta, kanga kajifunika mpaka shingoni, jasho limejipanga juu ya mdomo wa juu kama umande na vidole vinacheza. Sista anadhani ni woga. Tukampima sukari, 3.4, imeshuka. Alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu magharibi ya jana, halafu alfajiri kameza glibenklamaidi yake "kama kawaida" na funda moja la maji. Glibenklamaidi ndo hiyo, inakamua kongosho itoe insulini hata kama tumboni hamna kitu. Metformini peke yake ni nadra kufanya hivyo, ila asubuhi ya upasuaji kwa kawaida zote mbili zinaachwa, muulizeni daktari wenu na mwandike kwenye karatasi.

Muda wa kufunga wenyewe ni huu tunaoutumia watu wa usingizi: chakula chepesi mwisho masaa sita kabla, chakula cha mafuta masaa nane kabla, maji matupu mpaka masaa mawili kabla. Kwa upasuaji wa saa 3 asubuhi maana yake ale chakula chake cha usiku vizuri saa 3 usiku, na maji au chai ya rangi anywe mpaka saa 1 asubuhi. Tunachokwepa ni chakula kupanda kooni mtu akiwa hajitambui kikaingia kwenye mapafu. Na chai nasema ya RANGI, kijana mmoja aliwahi kutuapia mama yake hajala kitu, "chai tu dokta", kumbe ni ya maziwa kutoka kwenye chupa ya chai na ilikuwa nzito kuliko uji, tukaisogeza ratiba mpaka mchana. Juisi ya machungwa ya Muheza yenye nyama nyama nayo ni chakula. Kama mama huwa anashiba haraka, tumbo linajaa gesi, au anatapika chakula cha jana, semeni, kisukari cha muda mrefu kinalilegeza tumbo, chakula kinachelewa kutoka, na hayo masaa hayamtoshi. Msimpe kitu kimyakimya, nendeni mkaulize saa kamili, na ombeni awe wa kwanza kwenye listi. Akianza kutetemeka kabla ya kuingia apimwe, na ikibidi apewe maji yenye sukari na mseme hapohapo.

Bega sasa. Ili waone ndani, tumbo linajazwa hewa ya kaboni dayoksaidi. Inachaguliwa kwa sababu haishiki moto na inayeyuka upesi kwenye damu, halafu mgonjwa anaitoa kwa kupumua. Inayobaki kidogo inakaa chini ya kiwambo cha pumzi, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na neva ya kiwambo inatokea shingoni jirani na neva za bega, ubongo unachanganya anwani. Linauma siku moja mpaka tatu, atembee, parasetamo, kitambaa cha moto. Ila bega au kifua kinachobana na jasho na pumzi kukata sio hewa, huyo ni hospitali usiku huohuo, moyo wa mwenye kisukari unaweza kuugua bila kupiga kelele za maumivu. Vilevile homa, macho kuwa ya njano, au tumbo linalozidi kuuma badala ya kupungua.

Baiskeli: kutembea ndani aanze jioni ileile au kesho yake. Kupanda asubiri kama wiki mbili na aweze kujipinda bila kushika tumbo, daktari aliyempasua ndo atamruhusu. Ndoo ya maji au gunia la mihogo kwenye keria, hilo ampe mtu mwingine mwezi mzima.