Nyasi za mapambo zilizokauka katikati

Kama kichaka chako kimebaki duara la kijani na shimo kavu katikati, kuongeza mbolea hakutakisaidia. Huo ni uzee tu: nyasi za aina hii huchipua upya pembeni, na baada ya miaka 3 au 4 mashina ya katikati hufa. Dawa ni kukigawa.

Subiri machipukizi mapya yaanze kuchomoza chini. Funga majani yote kwa kamba kama ufagio, kisha yakate sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini. Vaa glavu, kingo za majani hukata kama wembe. Chimba kuzunguka, king'oe, ukipasue kwa sepetu kali. Kikigoma, tumia msumeno mkuukuu, maana mchanga utauharibu mpya. Sehemu iliyokufa tupa. Kila kipande kiwe na ukubwa wa ngumi, chenye mizizi na machipukizi matano hivi. Kidogo zaidi ya hapo hukauka kabla hakijashika.

Panda kila kipande kitako chake (pale mashina yanapokutana na mizizi) kikiwa sawa na uso wa udongo, kwani ukikifukia kinaoza. Mwagilia hadi maji yafike kwenye mizizi, mara mbili kwa wiki, mpaka majani mapya yarefuke. Na mbolea ya naitrojeni iache kabisa: ndiyo inayolegeza majani yakalala chini mvua ikinyesha.