Kabla hujanunua kamera, weka hela ya kusubiri

Siku ya kwanza nafika seti ya sinema, nje kidogo ya mji wa Pune, India, jamaa wa taa akaniita "dada". Mimi, na ndevu zangu. Kumbe kwa Kimarathi, lugha ya kule, dada ni kaka mkubwa, kaka ni baba mdogo, na mama, hapo shikilia, mama ni mjomba, kwa hiyo wiki nzima naskia watu wazima wanamwita mzee wa jenereta "mama" na yeye anaitika tu bila shida.

Nilikuwa nasoma kompyuta kule, mwaka wa kwanza, mshkaji wa hosteli akasema kuna dairekta anapiga sinema yake ya kwanza kwa hela za kuungaunga na anatafuta mtu mrefu wa kushika buum, ile fimbo ndefu ya maikrofoni. Mshahara hakuna, chakula na nauli tu. Nikaenda. Nyie mnaoniuliza kila siku ninunue kamera gani, hii ni yenu, maana kule nilijifunza kamera ndo swali la mwisho kabisa.

Jamaa alikuwa kajipanga, au ndo tulivyodhani. Asubuhi ya kwanza ikapasuliwa nazi mbele ya kamera kama kawaida yao, tukapiga siku 21 hatujapoteza hata moja, na siku ya 21 hela ikaisha. Yeye akaona sifa, bajeti imetosha kwa kipimo! Kumbe safari ndo kwanza inaanza. Bado editi, bado sauti, bado rangi, bado manukuu ya Kiingereza, ada za kuomba kuingia matamasha, na cheti cha bodi ya ukaguzi wa filamu ambacho bila hicho hakuna ukumbi unakupokea. Halafu kuna ng'ombe. Tulikuwa na shoti ya machweo, nzuri kuliko zote, ng'ombe akakatiza nyuma kwa hiari yake, hakuna aliyemwita. India mnyama akionekana kwenye sinema unatakiwa uwe na kibali cha bodi ya ustawi wa wanyama, sasa sisi tungekitoa wapi kibali cha ng'ombe ambaye hata mwenyewe hatumjui? Ikakatwa. Dairekta hakula siku ile.

Kwa hiyo kama huna muda wa kusoma yote chukua hili: ukiwa na milioni kumi, jifanye una tano. Hizo nyingine kampe mama yako akutunzie (mama wa Kiswahili) na umwambie asikupe mpaka umwonyeshe sinema imeshapigwa yote, hata ukienda unalia kwamba umebakiza sini moja tu. Sini moja tu ndo inamalizaga watu.

La pili, usiache kazi. Yule dairekta aliishi kwa kuediti video za harusi, miaka miwili na zaidi, sinema yake iko ndani ya hard diski, imefungwa kwenye kipande cha sari ya mama yake, imelala kabatini chini ya mashuka. Nilikuwa nikienda kwake kunywa chai naichungulia kama mtoto mchanga. Alikuwa anaona aibu sana na harusi zake, akiulizwa anasema yuko "kwenye projekti", na mimi naona aibu hiyo ilimchosha kuliko kazi yenyewe.

Maana hata madairekta wa Kimarathi wanaotajwa sana hawakuibuka tu. Chaitanya Tamhane wakati anaandika sinema yake Court alikuwa hana kitu, ni rafiki yake mwigizaji Vivek Gomber aliyempa posho ya kila mwezi aandike, halafu akaja kuwa prodyuza na humo humo akaigiza, 2014 ikabeba tuzo kwenye tamasha la Venice, Italia. Ile hela ya kwanza ilinunua muda, kamera ilikuja baadaye. Rohan Kanawade alikuwa akibuni mapambo ya ndani ya majumba, na Sabar Bonda ilimjia kwenye siku za matanga ya baba yake, akaibeba miaka mpaka ikashinda tuzo kuu ya sinema za nje kwenye tamasha la Sundance, Marekani, Januari 2025. Wengi wanapenda kumtaja Nagraj Manjule kwa sababu Sairat ya 2016 ilivuka rupia bilioni 1, ila hawataji kwamba kabla ya hapo kulikuwa na Fandry, na kabla ya Fandry sinema fupi.

Na utaambiwa ubadili lugha ya sinema yako. Kimarathi kina wasemaji zaidi ya milioni 80 lakini jimbo lao ndilo lenye Mumbai, nyumbani kwa sinema za Kihindi zenye hela zote, yaani uko kwenu halafu ni kama mpangaji. Mwaka 2015 serikali ya jimbo ikatangaza kumbi za multipleksi, zile zenye skrini nyingi, lazima zitoe muda mzuri wa jioni kwa sinema ya Kimarathi, wenye kumbi wakaja juu, mwisho wakakubaliana "muda mzuri" uhesabiwe kuanzia saa sita mchana mpaka saa tatu usiku. Saa sita mchana! Siku ya kazi!

Sisi ndo tulipewa hiyo hiyo, saa sita na robo, wiki moja tu, mimi niko mwaka wa mwisho. Jumanne niliyoenda tulikuwa watu kumi na mmoja, wanne ni sisi tulioipiga. Mzee wa jenereta alikuja na mkewe wamevaa vizuri kama wanaenda harusini. Wakati wa kupiga tulimsukuma akaweke mashine yake mbali kabisa nyuma ya shamba la miwa, isije ikaingia kwenye maikrofoni yangu, na kila siku alinung'unika. Taa zilipowaka akanigusa bega, akauliza kama jenereta lake limesikika popote.

Nikamwambia hapana, mama, halijasikika hata kidogo.

Akamgeukia mkewe akamtafsiria.