Gia hazitulii mlimani: kabla ya kununua giaboksi, pima sensa ya throto

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina Toyota RAV4 ya 1997, otomatiki, injini ya 3S. Naishi Mafinga na mara kwa mara naenda Mbeya. Siku hizi nikianza kupanda Inyala kuelekea Uyole gia hazitulii: inapanda, inashuka, inapanda tena, na mshale wa RPM unaruka wakati mguu wangu haujasogea. Hata barabara tambarare ya Chimala kuna kusitasita kidogo. Asubuhi huchelewa kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili. Ilianza baada ya kuosha injini kwa maji ya presha. Taa ya injini haijawaka. Fundi wa hapa anasema giaboksi imekwisha, niagize ya mtumba kutoka Dar. Ninunue?

JIBU: Nzuri, dada. Hela usiitume bado. Umesema mguu haujasogea na injini ilioshwa kwa presha. Hayo mawili yananifanya niishuku sensa ya throto kabla ya kitu kingine chochote.

Tuondoe kwanza lisilo ugonjwa. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia moja ya nguvu kila mita 100 unazopanda. Kwa hiyo huku kwetu utakanyaga zaidi kuliko mtu wa Dar, na gari likishuka gia ya tatu pale Inyala linafanya kazi yake. Kisicho cha kawaida ni kupanda na kushuka gia ovyo, mlima ni uleule na mguu ni uleule.

Kompyuta ya gari lako huamua kubadili gia kwa kuangalia hasa mambo mawili: kasi ya gari, na umekanyaga mafuta kiasi gani. Hilo la pili inaambiwa na sensa ya throto, kile kidude cheusi cha plastiki kilichofungwa kwa skrubu mbili ubavuni mwa throto bodi, yaani mlango wa kuingizia hewa kwenye injini. Ndani yake kuna ukanda wa kaboni na kidole kinachotambaa juu yake. Pedali ikizama, voti zinazotoka zinapanda. Ukanda huo hauchakai sawasawa. Unaliwa zaidi pale kidole kinaposhinda, yaani mkanyago mdogo wa mwendo wa safari. Kidole kikipoteza mguso hapo hata kwa kufumba na kufumbua, kompyuta inadhani umeachia mafuta na inapandisha gia. Mguso ukirudi, inadhani umekanyaga ghafla, inashusha. Na klachi iliyomo ndani ya tokikonveta (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) huachia katika vurugu hizo, RPM zikaruka kwa mia kadhaa. Hapo ndipo wengi wanaposema giaboksi inaslipu.

Kuslipu kweli kuna sura yake. Unakanyaga, RPM zinapanda na kuendelea kupanda, gari halivuti, na oili ya giaboksi ukiichomoa kwa stiki ni ya kahawia au nyeusi na inanuka kuungua. Ipime injini ikiwa ya moto na inaunguruma, baada ya kupitisha lever gia zote na kuirudisha P. Ikiwa bado nyekundu na kiwango kiko sawa, huyo fundi wako amekimbilia hukumu.

Taa kutowaka kusikudanganye. Sensa ikikatika kabisa, Toyota za umri huo huandika kodi (namba ya hitilafu) 41 kwa mipepeso ya taa, na magari ya baadaye huandika P0120 na ndugu zake. Doa dogo lililochakaa mara nyingi linapita bila kuandika kitu.

Sasa kupima. Anza na soketi, maana ndiyo iliyopigwa maji, na kwa baridi ya Mafinga ya Juni na Julai maji hukaa humo muda mrefu. Ichomoe, angalia kutu ya kijani kwenye pini, safisha kwa dawa ya kusafishia kontakti, kausha, rudisha. Wengine wanapona hapa hapa. Angalia pia kama panya hawajatafuna waya. Injini yenye joto wanaipenda sana.

Kama bado, fundi umeme achukue mita. Switchi iwe ON, injini isiwashwe, soketi ikiwa imechomekwa. Waya mmoja uwe na voti 5. Zisipokuwepo, tatizo liko kwenye waya au kompyuta, na sensa mpya haitasaidia. Waya wa ishara usome kati ya 0.3 na 0.8 pedali ikiwa imeachiwa, na kati ya 3.2 na 4.9 ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho. Ila namba za mwanzo na mwisho pekee hazitoshi. Akanyage polepole sana, macho yakiwa kwenye mita, akilichunguza zaidi lile robo la kwanza. Mita ya mshale ni bora hapa kuliko ya tarakimu, kwa sababu mshale unapodunda unauona.

Kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi, na vijana wengi hawaijui. Toyota nyingi za Japani za miaka ya 1990 zina kiboksi chini ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Mita ikiwekwa kati ya tundu la TT na la E1, voti zinapanda kwa ngazi kutoka 0 hadi 8 kadiri unavyokanyaga. Zikirudi nyuma ghafla, mgonjwa umempata. Ukiendesha, tundu hilohilo linakuonyesha gia ambayo kompyuta imeagiza: 0 ni ya kwanza, 2 ya pili, 4 ya tatu, 6 O/D, yaani ya nne. Voti zikihangaika pamoja na gari, amri ndiyo mbovu. Zikitulia huku gari linahangaika, basi lawama inarudi kwenye giaboksi.

Akibadilisha sensa, atie alama mahali ilipokaa ya zamani, kisha aizungushe mpya mpaka voti za pedali iliyoachiwa ziwe sawa, ndipo akaze skrubu. Aangalie na ile kebo inayotoka throto kwenda giaboksi: throto ikiwa wazi kabisa, nafasi kati ya mwisho wa ganda lake na kizuizi cha kwenye kebo iwe milimita 0 hadi 1. Kebo hiyo inagusa presha ya oili, hivyo gia ikiingia kwa kishindo lakini kwa wakati wake, shuku kebo.

Wenye magari ya throto ya umeme, yasiyo na kebo kabisa, msiguse skrubu hizo. Huko sensa hutoa ishara mbili na mara nyingi huuzwa na throto bodi nzima.

Vipimo vyote vikiwa safi na bado gari linasumbua, mwambie fundi afungue sampo ya giaboksi (karai la oili lililo chini yake) mbele yako. Unga mweusi kidogo kwenye sumaku ni wa kawaida. Vipande vya klachi au vya chuma ndivyo vya kukupeleka Dar.