Lipu ya simenti, vibanda vya nyavu na mlango wa babu

Safu ya Nyumba za Pwani. Barua zinajibiwa na fundi mwashi mstaafu wa Bagamoyo.

*Shikamoo mzee. Nyumba yetu ya mirathi ipo Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, Mtaa wa India. Ni ya mawe, ya ghorofa. Tulichanga pesa tukaikarabati. Fundi akabandua chokaa yote, akapiga lipu ya simenti ndani na nje. Ilipendeza sana. Masika ya pili haikuisha, ukuta ukaanza kutoa unga mweupe, lipu ikavimba na kudondoka, na chumba cha chini kinanuka uvundo. Fundi huyo huyo sasa anasema mawe yamechoka, tubomoe tujenge kwa tofali. Kaka zangu wawili wamekubali. Mimi roho inaniuma. Kweli mawe yanachoka?*
*Bi M., Dunda, Bagamoyo*

Marahaba mwanangu. Mawe yenu hayajachoka. Nenda kwenye magofu ya Kaole, kilomita chache tu kusini mwa mji, ukaangalie ule msikiti wa karne ya 13. Ni mawe ya matumbawe na chokaa, kama ukuta wa nyumba yenu. Hauna paa, umenyeshewa miaka yote hiyo, na kuta bado zipo. Nyumba ya Mtaa wa India mbele ya msikiti ule ni mtoto mdogo.

Kinachoiua nyumba yenu ni ile simenti. Tumbawe lina vitundu tele, linanyonya maji kutoka ardhini na hewa yenye chumvi kutoka baharini. Wazee walilijua hilo, ndiyo maana wakalipaka chokaa, kwa sababu chokaa inayaachia maji yatoke. Ukuta unalowa masika, unakauka kaskazi, maisha yanaendelea. Ukipiga simenti juu yake ni sawa na kumvisha koti la plastiki mtu aliyetoka jasho. Maji yanabaki ndani, yanatafuta pa kutokea, na yakitoka yanaleta chumvi. Ule unga mweupe ndio chumvi yenyewe. Inaganda nyuma ya lipu, inatanuka, inaisukuma. Basi lipu inavimba, kisha inadondoka na vipande vya jiwe.

La kunitia hofu zaidi ni boriti. Ncha zake zimelala ndani ya ukuta, na ukuta usiokauka unaziozesha pale pale usipopaona. Chukua bisibisi nyembamba, ichomeke kwenye boriti sehemu inapoingia ukutani. Ikigoma, mshukuru Mungu. Ikizama kama inchi moja, usiruhusu mtu alale chumba cha chini yake mpaka iwekewe nguzo. Fanya hivyo kwa kila boriti, weka alama ya chaki kwenye zilizooza. Usishangae ukikuta mbovu ni za upande wa mvua tu.

Sasa kazi yenyewe. Kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa chokaa, panda juu ukague paa. Bati lililotoboka au mfereji ulioziba utaharibu kila utakachokipaka chini. Halafu shuka uangalie nje: kama ua umeinuliwa kwa zege au kifusi hadi kupita usawa wa sakafu, maji yanarudi ukutani. Chimba, yapeleke mbali.

Kisha gonga lipu kwa kifundo cha kidole, chumba kwa chumba. Inapotoa sauti ya uwazi, imeshaachia. Hapo patasi ndogo na nyundo nyepesi zinatosha. Ilipong'ang'ania kiasi cha kung'oa jiwe, iache kwanza. Futa chumvi kwa brashi kavu, usioshe kwa maji, maana chumvi itayeyuka na kurudi ndani. Halafu uache ukuta wazi upigwe na upepo wa kaskazi, miezi yote mikavu. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa. Ukuta ulio wazi unaonekana kama aibu, majirani wanauliza pesa zimekwisha au vipi, na mwenye nyumba anaharakisha. Wewe usiharakishe.

Chokaa ya kuchoma matumbawe isahau. Kuvunja miamba ya bahari kumekatazwa, na ni haki, kwa kuwa pale ndipo samaki wanapozaa. Iko chokaa ya mifuko inayotoka Tanga, ya mawe ya nchi kavu, nayo inafaa. Chagua mfuko mkavu usio na madonge, kwa sababu iliyokaa sana dukani imeshapoteza nguvu. Iloweke kwenye pipa, maji yaifunike, iache wiki mbili au tatu. Ikikaa zaidi ni bora zaidi. Vaa glavu na ukinge macho, chokaa inaunguza. Changanya karai moja la chokaa kwa matatu ya mchanga wa mto uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni usiuguse, chumvi iliyomo inatosha kukurudisha ulikotoka. Lowesha ukuta, piga tabaka nyembamba, tundika magunia yenye maji mbele yake jua lisiikaushe upesi. Chokaa hairudi kuwa jiwe kwa kukauka. Inarudi kwa kuvuta hewa polepole, na ikikaushwa haraka inabaki unga.

Kuhusu kaka zako, waite mkae barazani, wapelekee hesabu mbili zilizoandikwa: ya kukarabati kwa awamu, na ya kubomoa, kusomba kifusi na kujenga upya. Halafu waeleze kwamba nyumba ndani ya Mji Mkongwe haibomolewi kwa kikao cha ndugu. Idara ya Mambo ya Kale lazima ihusishwe, nao wana watu wanaoijua kazi ya chokaa.

Nitasema na hili, kwa kuwa linanikera tangu ujana wangu. Wajerumani walipohamishia makao makuu yao Dar es Salaam mwaka 1891, biashara ilififia hapa, na nyumba nyingi zilipona kwa sababu hakuna aliyekuwa na pesa ya kuzibomoa. Wageni huletwa kupiga picha Boma la 1897 na mnara ulipolazwa mwili wa Livingstone mwaka 1874. Majengo hayo yana wa kuyasemea. Nyumba za familia hazina. Warithi wanagombana, mmoja anafunga mlango kwa kufuli na kuondoka na ufunguo, paa linavuja, mti unaota ukutani, na ghorofa inashuka usiku mmoja wa masika. Nimeona mitaa ikipotea hivyo. Hata mkishindwa kuelewana, mmoja wenu akae ndani, awashe moto jikoni, afungue madirisha asubuhi.

*Kaka, binti yangu yuko Uingereza, mji wa pwani unaoitwa Hastings. Amenitumia picha za vibanda vya mbao vyeusi, vyembamba na virefu ajabu, vimepangwa ufukweni. Anasema ni urithi wa mji na vinalindwa. Vibanda vya mbao urithi gani, wakati sisi huku tuna maboma ya mawe?*
*Baba wa Chumbageni, Tanga*

Ndugu yangu, hivyo ni vibanda vya wavuvi vya kuhifadhia nyavu. Zamani nyavu zilisukwa kwa nyuzi za mimea, na zikiwekwa zikiwa mbichi huoza. Kila mvuvi alihitaji mahali pakavu pa kuweka nyavu na kamba zake. Ufukwe ulikuwa mwembamba, kila mmoja akapewa kieneo kidogo cha mraba, basi wakajenga kwenda juu. Rangi nyeusi ni lami ya kuzuia mvua na chumvi. Kila kitu pale kina sababu yake, na ndiyo maana mimi navipenda kuliko majumba mengi ya kifalme.

Utashangaa zaidi nikikwambia Hastings hawana bandari. Boti zinavutwa hadi juu ya kokoto na kusukumwa tena majini, kazi ambayo mvuvi yeyote wa Bagamoyo anaielewa bila mkalimani. Kanisa la zamani la wavuvi, hapo hapo karibu na vibanda, tangu miaka ya 1950 ni makumbusho yao. Wana pia gati la matembezi la mwaka 1872 lililoungua mwaka 2010. Watu wa mji walilipigania, likafunguliwa tena mwaka 2016, na mwaka uliofuata likapata tuzo ya Stirling, tuzo kubwa ya usanifu majengo ya Uingereza.

Wenzetu waliweka sheria mwaka 1947 ya kuorodhesha majengo ya thamani, na aliye na nyumba kwenye orodha haibadilishi bila kibali, iwe kasri au kibanda. Hilo ndilo ningependa tuige. Boma lenu la Tanga ni zuri, na nafurahi limekuwa makumbusho. Lakini jiulize nani ameandika habari za mafundi wa mashua, za wachoma chokaa, za nyumba za udongo na makuti walimozaliwa wazazi wetu. Mwambie binti apige picha za ndani ya hivyo vibanda akiruhusiwa. Nataka kuona nyavu zilivyotundikwa.

*Shikamoo babu. Kuna mfanyabiashara anautaka mlango wa nakshi wa nyumba ya marehemu babu yetu. Bei yake ni nzuri na nyumba yenyewe imeshaanguka nusu. Niuze?*
*Kijana wa Magomeni, Bagamoyo*

Marahaba mjukuu wangu. Usiuze. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inaitambua milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940 kuwa vitu vinavyolindwa. Ukiuza kienyeji unaweza kujikuta matatani wewe, si yule mnunuzi. Najua nyumba imeanguka na pesa inahitajika, silidharau hilo. Anza kwa kwenda ofisi ya Mambo ya Kale hapo mjini uwaonyeshe.

Wakati unasubiri, upige picha leo hii: miimo, mfaa (ule mti wa katikati ya mlango), kizingiti cha juu, na karibu kabisa ile nakshi. Kama ukuta unaoushika unataka kuanguka, fundi seremala auteremshe mlango mzima na fremu yake, msitenganishe kwa msumeno. Ulazeni juu ya mbao ndani ya chumba kikavu, usiguse ardhi mchwa wasije wakaula. Usiupake vanishi.