Maharage kwa mkaa kidogo

Dada uliyeuliza jinsi ya kupika maharage bila kumaliza mkaa, yaloweke usiku kucha katika maji mengi, na asubuhi uyamwage maji hayo na kuweka mapya. Yachemshe kwa nguvu kwa dakika 30, kisha uiepue sufuria na mfuniko wake, maharage yakiwa bado yanatokota, uitie upesi ndani ya kapu lililotandikwa blanketi kuukuu, uifunike pande zote na kuiacha kwa saa 3 au 4 bila kuchungulia. Tafadhali usipunguze muda wa kuchemsha, hasa kwa maharage mekundu, kwani yasipochemka vizuri hudhuru tumbo. Nyanya zitie mwishoni, unapoyarudisha motoni yatokote tena, maana uchachu wake huyachelewesha kulainika.