Usimtoboe huyo samaki, pima maji kwanza

Mkuu, weka sindano chini. Umesema samaki wako wa dhahabu anaelea tumbo juu, kuna mtu kakwambia umtoboe ubavuni utoe hewa, halafu ukauliza na mimea gani inafaa kwenye tangi. Tuongee sindano.

Aliyeniuzia samaki aliniambia maneno hayo hayo, tena kwa kujiamini: "Hewa imezidi, toa." Nikatoboa. Kikatoka kiputo kimoja kidogo, samaki akashuka, nikafurahi. Kulipokucha kalala ubavu kwenye changarawe, nilipotoboa pamevimba pekundu, mapezi yanatetemeka na hainuki. Akafa. Mpaka leo nina hasira na yule mtu: anauza viumbe hai na hajui wanaishije!

Kibofu cha hewa ndicho kinachomwezesha samaki kutulia katikati ya maji bila kuzama wala kuelea. Cha samaki wa dhahabu kina vyumba viwili, na kuna mrija unaokiunganisha na koo, kwa hiyo akipanda juu akameza hewa anaweza kukijaza. Figo ziko hapo hapo, zimebanana nacho chini ya uti wa mgongo. Wewe ukiwa nje unajuaje sindano inaingia wapi? Daktari wa mifugo mwenyewe hupiga eksirei kwanza. Na hata ukipatia, hewa itarudi, kwa sababu kilichoileta hujakigusa.

Tena kukaa wima si kazi ya kibofu peke yake. Samaki wengi uzito wao umeelemea juu ya kile kibofu, kwa hiyo muda wote wanajishikilia kwa mapezi. Ndiyo maana aliyekufa hugeuka tumbo juu. Samaki aliyelegezwa na maji machafu naye hupinduka hivyo hivyo, kibofu chake kikiwa kizima kabisa.

Kwa hiyo PIMA MAJI. Amonia na nitriti, yaani sumu zinazotokana na uchafu wa samaki na mabaki ya chakula, zinatakiwa ziwe sifuri. Zikionekana hata kidogo, badilisha sehemu ya maji leo leo, kwa maji yaliyotolewa klorini na yenye joto lile lile. Usimlishe siku mbili tatu, huenda ni utumbo uliojaa unaokibana kibofu. Ukirudi kumlisha, mpe chakula kinachozama, asimeze hewa juu. Chumvi, dawa, sijui nini, vyote visubiri vipimo.

Ukishapima tupia namba hapa, na picha ya tangi lote, si ya samaki tu.