Muulize Kiungo: "Ajenti ataka laki moja na nusu, nimpe?"

Barua za mwezi huu zimenijia nyingi mpaka simu ikawa yaganda, nyingi ni za WhatsApp, zengine ni sauti za dakika nne mtu alia na upepo wavuma nyuma, na moja imeandikwa kwa mkono nikapewa ndani ya feri Likoni na kijana ambaye sikumjua ila yeye alinijua kwa hili kovu la goti. Kwa wageni: mimi nimecheza mpira, kiungo wa katikati ya uwanja, miaka kumi na mbili, hapa Pwani na Nairobi kidogo, Ulaya sikufika na sijidai. Siku hizi nafundisha watoto. Haya tuanze.

*Assalam aleikum kaka. Mwanangu ana miaka 15, hucheza kiungo timu ya mtaa huku Kisauni na kila mtu amsifu. Kuna bwana mmoja amekuja nyumbani mara tatu, ajiita ajenti, asema amempatia majaribio Ubelgiji lakini yuwataka laki moja na nusu ya viza na tikiti, nusu yake kabla mwezi haujaisha. Babake ataka kuuza pikipiki. Huyo bwana asema hata Victor Wanyama, yule aliyefika ligi ya Uingereza, alianza hivyo hivyo. Nifanyeje? — Mamake Kiungo, Kisauni*

Waaleikum salaam dadangu. Kabla ya yote mwambie shemeji pikipiki isiuzwe, ilazwe ndani leo kama ni lazima, halafu tuzungumze.

Sheria ya FIFA yasema mchezaji aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhama nchi ili asajiliwe na klabu ya nchi nyengine. Kuna visamaha vichache, na kile kinachojulikana zaidi ni kama wazazi wenyewe wamehamia huko kwa sababu zao zisizohusu mpira. Wewe wahamia Ubelgiji? Huhami. Basi hata hayo majaribio yawe ya kweli, na mtoto acheze siku hiyo mpaka wazungu wasimame wapige makofi, klabu haiwezi kumsajili, atarudi nyumbani na pikipiki imeshaenda. Na hapo nimechukulia ni ya kweli.

Ajenti wa haki ana leseni ya FIFA, ameifanyia mtihani, na jina lake laonekana kwenye tovuti ya FIFA, mtoto yeyote mwenye bando anaweza kukutafutia. Tena mtoto mdogo kama wako hafuatwi fuatwi, kuna umri wa kuanza kumkaribia na ni lazima mzazi akubali kwa maandishi kwanza. Na malipo yake ni asilimia, hutoka kwenye mkataba ukishasainiwa, hayatoki kwa pikipiki ya baba. Akija mara ya nne mkaribishe vizuri, mpikie na mahamri, halafu katikati ya chai umuulize nambari ya leseni. Utaona hicho kikombe kitakavyobaki kimejaa.

Sasa hili la Wanyama wacha nilimalize, manake kila tapeli wa mpira Pwani hii ana Wanyama mdomoni. Victor Wanyama alizaliwa Nairobi 1991, akapita AFC Leopards, halafu akaenda Helsingborg kule Sweden ambako kakake McDonald Mariga alikuwa tayari acheza. Kakake, siyo bwana wa mara tatu. Mariga alipouzwa Parma mdogo mtu akarudi nyumbani, ndipo 2008 akaenda Beerschot ya Ubelgiji, na huko alikaa miaka mitatu ambayo hapa kwetu karibu hakuna aliyeifuatilia. Ile miaka mitatu ndiyo iliyomtengeneza, lakini hakuna ajenti atakayekusimulia hiyo kwa sababu haina picha nzuri. 2011 akaingia Celtic ya Scotland. Novemba 2012 akaifunga Barcelona kwa kichwa na Celtic wakashinda 2-1, usiku huo tulikuwa tumejazana kwenye kibanda cha video Majengo, bao lilipoingia benchi la mbao likavunjika na mwenye kibanda hakudai hata shilingi. 2013 Southampton wakatoa pauni milioni 12.5, akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, na 2016 akaenda Tottenham. Na Mariga naye usimsahau, ana medali ya Ligi ya Mabingwa ya 2010 na Inter.

Sasa unachotakiwa kufanya wewe na hakigharimu hata elfu mbili: hakikisha mwanao amesajiliwa kihalali na klabu inayotambuliwa na shirikisho la mpira la nchi, kwa jina lake la kweli na tarehe yake ya kweli ya kuzaliwa. Hii michezo ya kupunguza miaka, achaneni nayo. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyengine mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei hutengwa kwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 mpaka 23, na kila mwaka mmoja kati ya 12 na 15 ni robo ya asilimia. Waona kidogo? Kwa bei kama ile ya Southampton mwaka mmoja ni pauni 31,250. Timu ya mtaa ingenunua mipira, neti, jezi, na bado wangejenga choo. Lakini kama mtoto amecheza miaka minne na hakuna mahali jina lake limeandikwa, hiyo pesa watadai kwa karatasi gani? Nimeona timu hapa ambazo rejista yake ni daftari la mwalimu, na daftari lenyewe lilinyeshewa.

Akifika 18 akiwa bado yuwang'ara, watakuja wenyewe, na watakuja na karatasi.

*Kocha, mimi nina miaka 17, nacheza sita, yaani kiungo mkabaji, lakini ni mfupi na mwembamba. Mwalimu wetu asema sita lazima awe jitu, anataka kunihamisha winga na mimi mbio sina. Nikubali? — Sita Mdogo, Likoni*

Mdogo wangu, wewe ndiye uliyenipa barua kwenye feri, nimekutambua kwa mwandiko wa haraka haraka kabla mlango haujashuka.

Winga bila mbio ni kujitafutia matusi ya jukwaani bure, hapo nakuunga mkono. Na huyo mwalimu wako ukimuona muulize kama amewahi kumuona N'Golo Kanté. Mfupi kuliko karibu wote uwanjani, 2012 alikuwa Boulogne daraja la tatu Ufaransa, 2015 akaenda Leicester, 2016 wakachukua ligi ya Uingereza, 2017 akaichukua tena na Chelsea, 2018 Kombe la Dunia. Hakurefuka katikati hapo. Alikuwa afika mahali kabla ya mpira kufika, basi.

Na hiyo haitokani na miguu peke yake, hutokana na shingo. Mwalimu wangu wa kwanza, Mungu amrehemu, alikuwa na mfuko wa machungwa. Asimama nyuma yangu hatua kama kumi, mwenzangu anipigia pasi kutoka mbele, na kabla mpira haujagusa mguu wangu niseme nyuma yangu ameshika machungwa mangapi. Moja, mawili, au mikono mitupu. Nikipatia chungwa langu, nikikosea alimenya hapo hapo akala yeye huku aniangalia. Wiki ya kwanza alikula machungwa yote, wallahi sikupata hata ganda. Wiki ya tatu tukawa twagawana. Mpaka leo nikivuka barabara pale Buxton nageuza shingo mara tatu, mke wangu hunicheka.

Fanya hivyo na mwenzako, kama machungwa ni ghali tumieni vidole. Geuza shingo pasi ikipigwa, geuza tena ikiwa njiani, ukiupokea uwe ushajua waenda wapi, hapo hilo jitu litakukuta umeshatoa mpira na litapiga hewa. Mwili pia uujenge, mchangani wakati wa maji kupwa, mara mbili kwa wiki yatosha. Na muguka sitaki kuusikia. Najua vijana wa timu hutafuna kabla ya mazoezi ati wapata pumzi, hawapati pumzi yoyote, wapata mdomo mkavu na usingizi hauji.

Halafu jua kitu kimoja kuhusu hii kazi, utaifanya vizuri na sifa apewe mwengine. Real Madrid 2003 walimleta Beckham na msimu huo huo wakamwachia Makélélé aende Chelsea, watu wakaona ni sawa tu, mkabaji akitoka si atapatikana mwengine. Madrid hawakuona taji la ligi tena mpaka 2007. Hilo ukiwa na huzuni ujisimulie mwenyewe.

*Kaka, mke wangu ameanza kuangalia mpira na mimi ila kila dakika aniuliza sita ni nani, nane ni nani, kumi ni nani. Nimeshindwa kumueleza mpaka twagombana. — Mume, Kongowea*

Mpeleke harusini. Sita ni yule mama aliyesimama na sufuria za pilau, hatoki hapo, akitoka kidogo tu chakula kimeibiwa. Nane, yule wa kupanda na kushuka uwanja mzima, ni wale vijana wa sinia, jikoni kwa wageni, wageni kwa jikoni, shati limerowa. Kumi, yule wa kutengeneza mabao, ni yule anayeweka sahani moja tu mbele ya bwana harusi, tena kwa madaha, na ndiye anayepigwa picha. Akielewa hapo mwambie siku hizi makocha wataka mtu mmoja afanye zote tatu, muanze kugombana upya.

*Mwalimu, nina miaka 27, kiungo, timu yetu iko daraja la pili. Miezi minne hatujalipwa. Goti la kulia limevimba tangu mechi ya mwezi uliopita na Jumapili tuna mechi kubwa, kocha ataka nidungwe sindano nicheze. Nafikiria kutoroka kambi niende timu nyengine iliyonipigia. Kopi ya mkataba sina, walisema iko ofisini. — Nane Aliyechoka, Mombasa*

Ndugu yangu, barua yako nimeisoma usiku nikashindwa kulala kwa sababu ni kama nimeiandika mimi.

Mimi mkataba wangu mmoja niliusaini juu ya boneti ya gari, stendi ya mabasi, meneja ana haraka, injini yanguruma. Karatasi mbili. Ya kwanza niliisoma, ya pili nilioneshwa pa kuweka sahihi tu, kopi nitapata kesho. Hiyo kesho haikuja. Msimu wa pili goti likaenda, nasikia mpaka leo ule mlio kama kuvunja mua, na nilipowafuata ofisini kuhusu matibabu nikaambiwa mkataba wako uliisha mwezi uliopita, ya pili yasema hivyo. Timu siitaji, na aliyenisainisha ni mzee sasa, tukikutana msikitini twasalimiana. Lakini operesheni ililipwa na mchango wa mtaa, mamangu akaongezea kwa bangili zake.

Kwa hiyo usitoroke. Ukitoroka kosa lageuka lako, wao wenye deni wawa ndio walalamishi. Kumbuka Fei Toto, Feisal Salum wa Zanzibar, kiungo hatari kabisa: Desemba 2022 alitaka kujitoa Yanga, shirikisho la Tanzania likaamua bado ni mchezaji wao, akakaa nje mpaka Juni 2023 klabu zilipoelewana akaenda Azam. Yule ni nyota nchi nzima yamjua. Mimi na wewe tutakaa nje na hakuna atakayeuliza.

Njia yenyewe ni ya karatasi. Kanuni za FIFA zasema klabu ikikunyima mishahara ya miezi miwili, unawaandikia kuwadai na kuwapa siku 15, zikipita hawajalipa una sababu halali ya kuvunja mkataba. Kesi ya ndani ya nchi hupitia shirikisho letu, na kuna KEFWA, chama cha wachezaji wa Kenya, wapelekee wakuangalizie barua kabla hujaituma. Nenda ofisini Jumatatu asubuhi, siyo peke yako, nenda na mtu mzima wa kwenu, uitishe kopi kwa upole na upige picha kurasa zote hata ile ya mwisho yenye muhuri. Wakikataa waandikie kwamba umeomba ukakataliwa, na hiyo barua yenyewe uweke tarehe na ubaki na kopi. Meseji zote za M-Pesa walizowahi kukulipa zihifadhi, hizo ni ushahidi kwamba wewe ni mwajiriwa wao.

Goti sasa. Sindano haitibu chochote, inanyamazisha tu, na uvimbe wa mwezi mzima si wa kunyamazishwa. Wanyama msimu wake wa kwanza Tottenham alicheza mechi 36 za ligi kati ya 38, uliofuata goti likamshika na baada ya hapo hakuwahi kucheza tena kama ule mwaka, na yule alikuwa na madaktari wa Tottenham, sisi tuna barafu ya muuza samaki. Fanya picha ya MRI, ile ya hospitali ya kuona ndani ya goti, kama utaweza kuchangiwa. Ikiwa ni ile kano ya mbele imekatika ni miezi tisa hivi ya kujenga upya, yauma kusikia, lakini ukiwa na miaka 27 warudi. Ukiichezea ikararua na vyengine, hurudi.

Jumapili kaa jukwaani. Kocha akikasirika na ukakosa la kumwambia, mwambie umekatazwa na mimi, nambari yangu anayo.